Gari dogo la kwanza Dodoma: namna ya kulichagua, kulikagua na kulinunua bila kuumia

Wengi wanaotafuta gari la kwanza huanza na swali la Vitz au IST. Swali hilo lina nafasi yake, ila si la kwanza. Ukiwa mkazi wa Dodoma, anza kujiuliza unapita barabara gani kila siku kutoka getini kwako hadi kwenye lami, na ukishalipa gari utabaki na shilingi ngapi mfukoni. Passo iliyotunzwa itakupeleka mbali kuliko IST iliyochoka, na gari zuri kabisa litakutesa ukilinunua kwa senti yako ya mwisho.

Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye akiba ya wastani, anayetaka gari dogo la kati ya cc 1000 na 1500, linalonywa mafuta kidogo na ambalo fundi wa mtaani analifahamu.

Hatua ya 1: Andika safari zako

Chukua karatasi uandike safari za wiki moja ya kawaida: kazini, shuleni kwa watoto, soko la Majengo au la Job Ndugai, ibada, hospitali. Ongeza na safari za mwaka mzima za kwenda nyumbani kwenu, iwe Kondoa, Mpwapwa, Manyoni au Iringa kupitia Mtera.

Anayeishi Area D au Ilazo na kufanya kazi mjini ana lami karibu mlango hadi mlango. Mwenzake aliyejenga Iyumbu, Mkonze au ndani kabisa kule Nzuguni huanza na vumbi, mchanga na mawe kabla hajaiona lami. Hata wakiwa na fedha sawa, hawa wawili hawahitaji gari moja.

Kisha piga hesabu ya mafuta. Mji wa Serikali wa Mtumba uko takriban kilomita 17 kutoka katikati ya jiji, kwenye barabara ya Dar es Salaam. Kwenda na kurudi ni kilomita 34, na kwa siku 22 za kazi unapata kilomita 748 kwa mwezi. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita litahitaji lita 50 hivi. Linalokwenda kilomita 11 kwa lita litahitaji 68. Hizo ni lita 18 za tofauti kila mwezi, na hujagusa mizunguko ya wikendi. Zidisha kwa bei ya petroli ya Dodoma, ambayo EWURA huitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na ambayo huwa juu kidogo ya bei ya Dar es Salaam kwa sababu ya gharama ya kuyasafirisha mafuta hadi huku. Kama unakwenda Mtumba kila siku, injini ya cc 1000 ina maana kubwa kwako. Kama unatoka Area C hadi ofisi za mjini, tofauti hiyo ni ndogo, na unaweza kutazama zaidi nafasi na starehe.

Suala la mvua pia lina uzito. Mvua za huku huanza karibu na Desemba na kwisha Aprili, na zikinyesha hunyesha kwa nguvu: makorongo hujaa kwa saa chache na udongo wa mbuga hugeuka utelezi. Kinachoangusha gari dogo hapo ni tumbo lake kugusa chini, hata kama injini bado ina nguvu. Pita barabara yako kwa miguu, utazame mawe yaliyochongoka, kingo za mifereji na matuta. Kama bajaji zenyewe zinapapita kwa shida, gari la chini sana halitakufaa, na IST itakuhudumia vizuri zaidi kuliko Vitz. Wapo wanaonyanyua gari kwa kuweka spesa juu ya shokapu. Sipendi kumshauri hivyo mtu anayenunua gari la kwanza, kwa sababu eksili na mipira yake hukaa kwenye pembe ambayo haikutengenezewa, ikachoka mapema.

Hatua ya 2: Gawa fedha kabla hujaona gari lolote

Fanya hivi kabla ya kwenda yadi, kwa sababu macho yakishapenda, hesabu hufuata macho.

Tuseme una milioni 12. Tafuta gari la milioni 9 na nusu, likizidi sana 10. Kinachobaki kina kazi zake: kuhamisha umiliki, bima, oili na vichujio, matairi mawili au manne, betri ikibidi, na akiba ya kitu ambacho hakuna fundi angeweza kukiona siku ya ukaguzi. Kwa gari lililotumika, akiba hiyo itaguswa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Asiyekuwa nayo huanza kuendesha gari lenye breki zinazolia huku akisubiri mshahara, na breki hazisubiri mshahara.

Mkopo wa SACCOS au benki si dhambi, ila weka kando kwanza fedha ya mafuta na matengenezo kwa mwezi, ndipo utazame kama rejesho linabebeka.

Hatua ya 3: Kuagiza Japani au kununua la mkononi

Gari la kuagiza lina faida moja kubwa: halijapita kwenye mikono ya watu wengi hapa nchini. Hasara yake ni kodi, kwa hiyo ielewe mapema.

TRA haitumii risiti yako peke yake. Ina mfumo wake wa kuthaminisha magari yaliyotumika, na kikokotoo kiko wazi kwenye tovuti yao: unaingiza aina, modeli, mwaka na ukubwa wa injini, kinakupa jumla. Ndani yake kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, ushuru mwingine wa bidhaa unaotegemea umri wa gari, VAT ya asilimia 18, na tozo ndogondogo. Injini isiyozidi cc 1000 haina ushuru wa bidhaa wa upande wa injini. Ya 1001 hadi 2000 ina asilimia 5. Upande wa umri, gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30.

Fanya hesabu kwa gari la cc 1300 lililozidi miaka 10 ambalo TRA imelikadiria thamani ya milioni 5 likiwa limefika bandarini. Forodha ni 1,250,000, jumla inakuwa 6,250,000. Asilimia 35 ya hapo ni 2,187,500, jumla 8,437,500. VAT ni 1,518,750. Umelipa takriban milioni 5 za kodi juu ya thamani ya milioni 5, kabla ya tozo ndogo, gharama za bandari na malipo ya wakala. Ndiyo maana Vitz kuukuu kutoka Japani mara nyingi haina unafuu kama inavyoonekana kwenye picha. Viwango hivi hubadilika kwenye bajeti za Juni, kwa hiyo kikokotoo kifunguliwe siku ile ile unayotaka kulipa.

Ukiamua kuagiza, omba karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi ya gari husika huko mnadani Japani. Daraja la 4 au 4.5 ni gari lililotunzwa, 3.5 lina mikwaruzo na umri wake, na herufi R au RA maana yake limewahi kutengenezwa baada ya ajali. Linganisha kilomita zilizoandikwa pale na zile zinazosomeka kwenye dashibodi gari likifika.

Kwa watu wengi wa Dodoma wenye milioni 8 hadi 12, gari la mkononi ndilo linaloingia kwenye hesabu. Hapo utasikia sana maneno "namba D" na "namba E". Herufi ya kwanza kati ya tatu za mwisho kwenye kibao huonyesha gari limesajiliwa Tanzania lini. Haisemi limetengenezwa lini. Vitz ya 2006 inaweza kuwa na namba E kwa sababu imeingia majuzi, na gari la namba C linaweza kuwa limekaa kwa mzee mmoja aliyelipenda kama mwanawe. Wauzaji huongeza bei kwa sababu ya herufi. Wewe lipa kwa ajili ya hali ya gari.

Jambo jingine: soko la Dar es Salaam ni pana kuliko la hapa, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kwenda kuangalia gari na kurudi kumekuwa kwepesi. Ukienda, nenda na fundi wako wa Dodoma, umlipie nauli na siku yake. Gharama hiyo ni ndogo mbele ya injini mbovu.

Hatua ya 4: Chagua modeli mbili, usizidishe

Kwa Dodoma ningekaa kwanza na Toyota, na sababu yangu ni spea na mafundi. Fundi wa Chang'ombe au Nkuhungu amefungua injini hizi mara nyingi kiasi kwamba anajua mlio wake, na spea unaipata leo leo bila kusubiri basi la usiku kutoka Kariakoo.

Toyota Vitz ya 2005 hadi 2010 yenye cc 1000 ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye safari ndefu za lami na familia ndogo. Injini yake ni 1KR-FE, ile wanayoiita "piston 3". Ikiwa imesimama inaunguruma hutetemeka kidogo, na hilo ni la kawaida kwa silinda tatu. Ikitetemeka hadi usukani na kioo cha ndani vicheze, mauntini za injini zimekwisha, au plagi na koili zina shida. Uzuri wake mwingine ni gia boksi ya kawaida ya gia nne, wakati nyingi za cc 1300 za toleo hilo zina CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua.

Toyota Passo ya 2004 hadi 2010 ni ndugu yake wa karibu. Ya cc 1000 ina injini hiyo hiyo ya 1KR-FE. Ni nyepesi, inageuka mahali padogo, na bei yake mara nyingi iko chini ya Vitz. Ubaya ni buti dogo, na kwenye barabara kuu ya kwenda Morogoro, basi likikupita kwa kasi utaisikia inayumba. Toleo la kuanzia 2010 lina CVT.

Toyota IST ya 2002 hadi 2007 ndiyo ningempa mwenye barabara mbaya, au anayebeba watu wanne kila siku. Ipo ya cc 1300 (2NZ-FE) na ya cc 1500 (1NZ-FE), zote zikiwa na gia nne za otomatiki na injini zilizozoeleka kila kona ya nchi hii. Inakula mafuta zaidi ya Vitz ya cc 1000, na kwa kuwa inapendwa, bei yake hukaa juu. Kwa upande mwingine, siku ukitaka kuiuza haikai wiki. Toleo la kuanzia 2007 ni gari zuri lakini nyingi zina CVT na bei ni nyingine kabisa.

Injini hizi zote nilizotaja zinatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Hakuna gharama ya kubadili mkanda kila baada ya kilomita kadhaa, lakini cheni hupenda oili safi. Ukisikia injini ikikwaruza kwa sekunde kadhaa kila inapowashwa ya baridi, mmiliki alikuwa anachelewesha kumwaga oili.

Nissan March, Mazda Demio, Honda Fit na Suzuki Swift ni magari ya maana, na kwa bei ile ile unaweza kupata la miaka ya karibuni zaidi. Sharti langu ni moja tu: kabla ya kununua, zungukia maduka matatu ya spea hapa Dodoma uulizie shokapu za mbele, pedi za breki na mauntini za injini za modeli hiyo. Maduka mawili yakikuambia "tutakuagizia", fikiri tena.

Na hizo zenye magurudumu manne yanayovuta? Kwa mchanga wa kawaida wa mitaa yetu hazihitajiki, na zinaongeza uzito, mafuta na vyuma vya kutengeneza.

Hatua ya 5: Kagua gari likiwa baridi

Hatua hii ndiyo inayookoa fedha kuliko zote, kwa hiyo usiifanye kwa haraka, wala jioni, wala wakati wa mvua.

Dalali atakwambia, "Dada, gari hii ilikuwa ya mwalimu, shule na nyumbani tu." Mjibu kwa upole, "Sawa kaka, basi kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuja na fundi. Naomba isiwashwe kabla sijafika." Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, kuna kitu kilihitaji kupashwa ili kisisikike. Ahirisha, uje siku nyingine.

Fungua kifuniko cha rejeta gari likiwa bado baridi, kamwe si likiwa la moto. Unachotaka kuona ni kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) ya kijani, nyekundu au waridi, safi. Hapa Dodoma sisitiza sana jambo hili. Maji yetu yanayotoka visimani, yakiwemo ya Makutupora, ni magumu na yana chumvi; birika lolote la nyumbani linaonyesha magamba yake meupe. Gari lililokuwa likiongezewa maji ya bomba kwa miaka mingi lina magamba hayo hayo ndani ya rejeta na njia za injini, na jua la Oktoba likipiga litachemsha. Ukiona maji ya rangi ya kutu, ukoko mweupe mdomoni mwa rejeta, au mafuta yanayoelea juu, gari hilo waachie wengine. Mafuta ndani ya maji maana yake mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekwenda.

Fungua kifuniko cha oili, ukigeuze utazame upande wa ndani. Weusi wa kawaida si tatizo. Tope zito jeusi ni uzembe, na uji wa rangi ya maziwa ni maji yaliyochanganyika na oili. Chomoa kijiti cha kupimia: oili ikiwa chini kabisa, muulize mwenye gari anaongeza kila baada ya muda gani, halafu nyamaza umsikilize.

Sasa ingia ndani. Geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, bila kuwasha injini. Taa ya injini, ya ABS, ya airbag, ya oili na ya betri zote zinapaswa kuwaka. Washa injini: zote zizimike ndani ya sekunde chache. Taa isiyowaka kabisa mwanzoni inatia shaka kuliko inayobaki imewaka, kwa sababu wapo wanaoichomoa au kuiziba ili mnunuzi asione kosa. Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu injini ikiwa baridi, na nyekundu likichemka. Hakikisha ya bluu inawaka asubuhi hiyo na kuzimika baada ya dakika chache. Nyekundu ikiwaka barabarani, injini huenda tayari imeumia, kwa hiyo kwenye magari haya hali ya kulanti ndiyo mlinzi wako wa kweli.

Mwambie fundi asimame nyuma wakati unawasha. Moshi mweupe mwepesi asubuhi ya baridi ya Juni utatoweka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokwisha ni maji yanayoingia kwenye silinda.

Kisha vuta mikanda yote ya viti hadi mwisho, hasa gari likiwa limetoka Dar es Salaam. Mkanda uliozama kwenye mafuriko hubaki na alama ya tope sehemu ambayo kwa kawaida imejificha ndani, na hakuna anayekumbuka kuisafisha. Inua zulia la buti, toa tairi la akiba, gusa chini. Nusa. Gari la pwani likaguliwe pia kutu chini ya milango, kwenye kingo za matairi na kwenye vyuma vya chini, maana hewa ya chumvi hula taratibu.

Tazama boneti na milango dhidi ya jua la asubuhi ukiwa umeinama kidogo. Rangi isiyolingana, nafasi kati ya boneti na fenda isiyo sawa kulia na kushoto, na nati za fenda zenye alama za spana zinaeleza ajali kuliko mdomo wa muuzaji. Kupigwa pasi kwenye bampa ni jambo la kawaida mjini. Nguzo za mbele na sakafu zilizonyooshwa ni habari nyingine.

Matairi yana tarehe ya kuzaliwa. Kwenye ubavu tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu lakini la zamani, lililokauka kwa jua letu, linaweza kupasuka ukiwa Kibaigwa na familia ndani. Kama yamezeeka, bei yake itoke kwenye bei ya gari.

Mwisho fundi apige jeki, atazame bushi, boljointi, mipira ya eksili na uvujaji wowote, kisha alipime kwa mashine ya kompyuta. Akikuta makosa yamefutwa muda mfupi uliopita, mwenye gari aeleze.

Hatua ya 6: Liendeshe kwenye barabara ya aina tatu

Mzunguko wa mtaa mmoja hautoshi. Ulipeleke kwenye lami ya barabara ya Dar es Salaam hadi likimbie kilomita 80 kwa saa mahali panaporuhusiwa, uachie usukani kidogo uone kama linavuta upande, kisha ufunge breki kwa nguvu ukiwa umehakikisha nyuma pako wazi. Ulipeleke kwenye vumbi lenye mashimo, vioo vikiwa vimefungwa na redio imezimwa, usikilize milio ya mbele. Ulipandishe mteremko, barabara za UDOM zinatosha. Kwenye otomatiki ya kawaida, gia zibadilike bila kugonga wala kuteleza. Kwenye CVT, ukikanyaga resi injini isipige kelele bila gari kusogea, na lisitetemeke likianza kuondoka. Ingiza rivasi likiwa la moto: likichelewa sekunde mbili tatu kushika, gia boksi inaomba fedha. AC iwake muda wote wa jaribio.

Ukirudi, acha injini iungurume dakika kumi huku mnaongea bei. Ndio wakati wa kuona kama feni ya rejeta inawaka na kuzima yenyewe.

Hatua ya 7: Karatasi na madeni

Kadi ya gari iwe halisi, na namba ya chesesi na ya injini uzilinganishe mwenyewe na zilizogongwa kwenye gari. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Tanzania yamejaa magari yaliyouzwa mara tatu huku kadi ikiwa bado ya mtu wa kwanza. Ukinunua hivyo utamtafuta mtu usiyemjua ili asaini. Kama ni la marehemu, mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mjomba mkubwa wa familia hatoshi.

Angalia faini kwa kutumia namba ya gari kwenye mfumo wa kikosi cha usalama barabarani. Faini hulimbikizana, na gari lililopigwa tochi mara kwa mara kati ya Gairo na Dodoma linaweza kuwa na deni zito. Angalia pia deni la maegesho TARURA. Madeni hulipwa na muuzaji kabla hujatoa fedha.

Mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, ukiwa na bei ya kweli, namba ya chesesi, tarehe na saa ya makabidhiano, picha na vitambulisho vya pande zote. Saa ina kazi yake: ajali au kosa la kabla ya hapo si lako. Lipa kwa benki ili kubaki na ushahidi. Kisha peleka uhamisho wa umiliki TRA ukiwa na TIN yako. Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei na ada ya kuhamisha. Usisubiri.

Bima ndogo ya gari binafsi ni shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT, na ni lazima kisheria. Bima kubwa hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari. Kwa dereva mpya ningeilipia mwaka wa kwanza hata kama gari ni la bei ndogo. Namba ya stika ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, na bima ya mmiliki wa zamani usiitegemee bila kuihamisha rasmi kwa jina lako. Ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka iliondolewa 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo anayekudai kwa ajili hiyo mwaka huu hana haki.

Hatua ya 8: Mwezi wa kwanza

Siku ya kwanza mwaga oili, hata kama muuzaji ameapa amebadili juzi. Injini hizi hazinywi hata lita 4, kwa hiyo nunua oili nzuri pamoja na chujio lake. Badili plagi, eya klina na chujio la AC. Osha rejeta na uweke kulanti iliyokwisha kuchanganywa, au ichanganye na maji yaliyotoneshwa, yale ya betri. Kagua mafuta ya breki na ya gia boksi. CVT iwekewe mafuta ya CVT pekee, maana ya otomatiki ya kawaida yataiua.

Kuanzia hapo, oili kila kilomita 5,000. Eya klina ifunguliwe kila mwezi kipindi cha upepo wa Julai na Agosti, kwa sababu vumbi letu jekundu huijaza upesi na injini ikikosa hewa hula mafuta. Kila Jumapili asubuhi gari likiwa baridi, tazama oili, kulanti na upepo wa matairi. Weka kijidaftari ndani ya dashibodi: tarehe, kilomita, lita zilizowekwa, kilichobadilishwa na duka lilikonunuliwa. Gari likianza kushuka kutoka kilomita 15 kwa lita hadi 12, daftari litakuonyesha kabla hujasikia mlio wowote, na siku fundi akikuuliza plagi ziliwekwa lini utamfungulia ukurasa.